Kusogeza na Kufuatilia Chembe za Sumaku Chini ya Hadubini: Mwongozo kwa Maabara Ndogo ya Malindi

Kazi ngumu katika vipimo vingi vya ugonjwa si kukitambua kitu kinachotafutwa, bali ni kukitenga kwanza na damu, mkojo au makohozi ambamo kimezama pamoja na mamilioni ya vitu visivyohusika. Chembe za sumaku huurahisisha utengaji huo. Kila chembe ni tufe la plastiki lenye upana wa maikromita chache. Ndani yake mna punje za oksidi ya chuma, na juu ya uso wake hupandikizwa kingamwili inayoshika shabaha moja tu. Sumaku ikisogezwa nje ya mfereji, chembe nayo husogea ndani ikiwa imebeba kile ilichokishika. Mifereji ya namna hiyo ikichorwa pamoja na visima vidogo vya kuoshea na kusomea juu ya kipande cha kioo kinachoenea kiganjani, tunapata kile kinachoitwa maabara ya chipu.

Mwongozo huu unamlenga fundi wa maabara, mwalimu wa sayansi au mwanafunzi wa chuo aliye hapa Malindi, ambaye ana hadubini ya kawaida, simu au kamera ndogo na kompyuta moja, wala hana mashine za gharama kubwa. Hauelezi kipimo cha kumpa mgonjwa majibu. Unaeleza namna ya kuzisogeza chembe kwa makusudi na kuzifuatilia kwa usahihi utakaokuwezesha kusema, kwa namba, kwamba kilichozisogeza ni sumaku na si kitu kingine. Hilo la mwisho ndilo ninalolijali zaidi. Katika siku zangu za mwanzo nilipoteza asubuhi nzima nikipima kasi ya chembe zilizokuwa zikielekea upande wa sumaku kama inavyotarajiwa, na nilipoiondoa sumaku zikaendelea kwenda kulekule kwa kasi ileile. Maji yalikuwa yakikauka kwenye mdomo wa mfereji na kuzivuta zote. Tangu siku hiyo sileti sumaku mezani kabla sijazipima chembe zikiwa peke yake.

Hatua ya kwanza: kuchagua chembe

Tafuta chembe ambazo hupata usumaku pale tu zinapokuwa ndani ya uga wa sumaku, na kuupoteza mara uga huo unapoondoka. Sifa hiyo hutokana na udogo wa punje za oksidi ya chuma zilizomo: zina upana wa nanomita chache tu, kiasi kwamba joto la kawaida la chumba linatosha kuugeuzageuza usumaku wake usitulie upande mmoja. Chembe zinazobaki na usumaku wake hazifai, kwa kuwa baada ya kuvutwa mara ya kwanza hung'ang'aniana na hazitawanyiki tena.

Chembe zenye ukubwa sawasawa zilitokana na kazi ya John Ugelstad huko Trondheim, Norwei, katika miaka ya 1970, na hadi leo zile zinazouzwa kwa jina la Dynabeads hupatikana kwa upana wa maikromita 1, 2.8 na 4.5. Kwa anayeanza napendekeza zile za 2.8. Zinaonekana vizuri kwa lenzi ya kukuza mara 20, hazirukiruki sana kama zile za maikromita 1, na hazizami upesi kama zile kubwa, ambazo kwa kawaida hutumiwa kukamatia seli nzima.

Hatua ya pili: kuosha na kupunguza

Chupa huletwa ikiwa na kimiminika chenye dawa ya kuzuia kuoza, na dawa hiyo mara nyingi ni azidi ya sodiamu, ambayo ni sumu, kwa hiyo vaa glavu. Tikisa chupa taratibu mpaka rangi ya kahawia ienee sawasawa, chota kiasi kidogo kwa pipeti, weka katika kichupa, kisha egemeza sumaku ubavuni mwa kichupa kwa dakika 1 au 2 hadi chembe zote zikusanyike upande mmoja na kimiminika kiwe cheupe. Ondoa kimiminika huku sumaku ikiwa palepale, toa sumaku, tia bafa ya fosfeti (maji ya chumvi yasiyobadilika uchachu) ya pH 7.4 iliyowekwa Tween 20, aina ya sabuni laini, kiasi cha asilimia 0.05, na utawanye upya. Fanya hivyo mara 3. Usiziache chembe zikauke, wala usizigandishe kwenye friza. Mahali pake ni friji ya nyuzi 2 hadi 8.

Kupunguza ndiko wengi wanakokosea. Chembe aina ya M-280, yaani zile za maikromita 2.8, huuzwa zikiwa miligramu 10 kwa kila mililita, yaani chembe milioni 600 hadi 700 ndani ya mililita moja. Ukizitumia hivyo utaona wingu, hutaona chembe. Zipunguze mara 1,000. Katika mfereji wenye kina cha maikromita 100, eneo la kutazama lenye pande za maikromita 500 litakuwa na chembe 16 hivi, na nafasi ya wastani kati ya moja na jirani yake itazidi maikromita 100. Hapo programu ya kufuatilia haitachanganya chembe mbili, na chembe zenyewe hazitashikana kuwa minyororo mapema.

Hatua ya tatu: kutengeneza mfereji

Maabara zenye uwezo hutengeneza mifereji kwa mpira wa silikoni unaomiminwa juu ya kalibu, njia iliyoenezwa na kundi la George Whitesides wa Harvard katika miaka ya 1990. Kwa mazoezi haya utepe wa gundi ya pande mbili wenye unene wa takriban maikromita 100 unatosha kabisa. Kata kwa wembe wa upasuaji njia ya upana wa milimita 3 na urefu wa milimita 30, bandika juu ya slaidi ya kioo iliyosafishwa, kisha funika kwa kioo chembamba ukiacha ncha mbili wazi za kuingizia na kutolea kimiminika.

Kabla ya kuingiza chembe, jaza mfereji albumini ya damu ya ng'ombe ya asilimia 1 na uiache dakika 30. Protini hiyo hutandika uso wa kioo, na bila yake nusu ya chembe zako zinaweza kunata sakafuni. Kisha ingiza chembe na uzibe ncha zote mbili kwa mafuta ya mgando. Usiruke kuziba. Katika miezi ya kaskazi, jua likiwa kali na feni ikizunguka juu ya meza, ncha iliyo wazi hukauka kwa dakika chache na kuanzisha mkondo ule niliousimulia. Baada ya kuziba, subiri kama dakika 2. Chembe ya maikromita 2.8 huzama kwa kasi ya maikromita 2 hivi kwa sekunde, kwa hiyo nyingi zitakuwa zimefika chini na utaweza kuziona zote katika fokasi moja.

Hatua ya nne: hadubini, kamera na meza

Funga mwanga, fokasi na rangi za kamera zisijirekebishe zenyewe, kwa maana kamera ya simu inayojirekebisha hubadilisha sura ya chembe katikati ya filamu. Tumia taa ya LED inayoendeshwa na betri: umeme wetu wa ukutani ni wa hezi 50, na baadhi ya taa zinazotumia umeme huo humetameta mara 100 kwa sekunde, jambo ambalo jicho halilioni lakini kamera huliandika. Kasi ya fremu nayo isiaminiwe kwa maandishi tu. Simu nyingi hupunguza au kuongeza fremu kadiri mwanga unavyobadilika, basi piga filamu ya saa ya kidijitali kwa dakika moja na uhesabu fremu.

Pima pikseli kwa slaidi yenye rula ya milimita 1 iliyogawanywa sehemu 100, ambapo kila sehemu ni maikromita 10. Iwapo maikromita 100 zinachukua pikseli 500, kila pikseli ni maikromita 0.2, na chembe yako itakuwa na upana wa pikseli 14, ukubwa unaofaa sana. Muda wa kufungua lenzi uwe mfupi. Chembe inayokwenda maikromita 100 kwa sekunde hupita maikromita 3.3 ndani ya fremu moja ya thelathini kwa sekunde, yaani zaidi ya upana wake wenyewe. Ukifungua lenzi muda wote huo utapata mstari badala ya duara. Kwa muda wa 1/500 ya sekunde, mfifio huo hushuka hadi pikseli 1.

Kuhusu meza, bamba zito la saruji lililolazwa juu ya tyubu ya gurudumu iliyojazwa upepo nusu huzuia sehemu kubwa ya mtikisiko wa tuktuki zinazopita nje. Madirisha ya upande wa bahari yafungwe wakati wa kusi.

Hatua ya tano: kupima utulivu

Sumaku zote ziwe umbali wa mita 2 au zaidi. Piga filamu ya dakika 3.

Utaziona chembe zikicheza. Mchezo huo, ambao Robert Brown aliuchunguza mwaka 1827 na Albert Einstein akaueleza kwa hesabu mwaka 1905, hutokana na molekuli za maji zinazoigonga chembe kutoka pande zote bila mpango, na kwetu sisi ni kipimo kilicholetwa bure. Kwa nyuzi 30, joto la kawaida la chumba chetu, chembe ya maikromita 2.8 iliyo mbali na ukuta ina kiwango cha mtawanyiko cha maikromita za mraba 0.20 kwa sekunde. Maana yake ni kwamba katika sekunde moja, kwa mhimili mmoja, huhama kwa kawaida kiasi cha maikromita 0.6, pengine huku, pengine kule. Iliyotua karibu na sakafu hupungukiwa, kwa sababu ukuta huongeza ukinzani wa maji, na thamani inaweza kushuka hata kufikia theluthi ya hiyo.

Chukua wastani wa mraba wa umbali uliohamwa, uugawe kwa mara 4 ya muda, ulinganishe. Ukipata zaidi ya 0.20, kuna mkondo, mtikisiko, au pikseli zimepimwa vibaya. Ukipata karibu sifuri, chembe zimenata na albumini haikufanya kazi yake. Tafuta pia chembe moja iliyonata kabisa na uifuatilie kama nyingine: mwendo wowote utakaoandikwa kwake si mwendo, ni kosa la chombo chako, na kosa hilo ndilo mpaka wa chini wa kila utakachodai baadaye. Kisha kokotoa wastani wa mwendo wa chembe zote kwa pamoja. Zikielekea upande mmoja kwa zaidi ya maikromita chache kwa dakika, rudi kwenye kuziba.

Hatua ya sita: kuleta sumaku

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza, "Mwalimu, mbona sumaku hii ni kubwa kuliko ile na haivuti?" Swali lake ndilo kiini cha kazi yote. Sindano ya dira ya jahazi hugeuka ikaelekea kaskazini, lakini dira haiburutwi kwenda kaskazini. Uga wa dunia unaizungusha tu, kwa sababu mahali ilipo uga huo ni sawa mbele na nyuma yake. Chembe nayo ni vivyo hivyo. Haivutwi na ukubwa wa uga peke yake, bali na mteremko wake, yaani jinsi uga unavyozidi kukua kutoka upande mmoja wa chembe hadi wa pili. Uga sare, hata uwe mkubwa kiasi gani, huipa chembe usumaku na kuiacha palepale.

Mteremko hutegemea mno umbali. Ukiwa mbali kuliko ukubwa wa sumaku yenyewe, uga hupungua kwa mchemraba wa umbali, na nguvu inayoivuta chembe, ambayo ni zao la uga na mteremko wake, hupungua kwa kipeo cha saba: umbali ukiwa mara 2, nguvu hupungua mara 128. Kwa hiyo milimita moja ya kusogea ina thamani kuliko pesa utakazotoa kununua sumaku kubwa zaidi.

Sumaku ndogo ya neodimiamu inatosha. Zile zinazotolewa kwenye diski ngumu za kompyuta zilizoharibika, ambazo mafundi wa mjini hawana shida kuzitoa, ni nzuri, ila fahamu kwamba uso mmoja wake una ncha mbili, kaskazini na kusini, zikiwa ubavu kwa ubavu. Pitisha dira ndogo juu yake uone sindano inavyogeuka, na utie alama kwa rangi. Ili kuukusanya uga, gandisha juu ya sumaku msumari wa chuma laini ulionolewa ncha. Ncha hiyo ikiwekwa nusu milimita kutoka kwenye mfereji huzaa mteremko mkali ambao sumaku bapa haiwezi kuutoa. Sindano ya kushonea haifai, kwa kuwa chuma chake kigumu hubaki na usumaku hata sumaku ikiondolewa, na hutaweza kusema lini umezima na lini umewasha. Hata msumari ni vizuri uchomwe hadi uwe mwekundu na uachwe upoe polepole ndani ya majivu.

Funga sumaku kwenye kigari kinachoteleza juu ya rula, katika kimo kilekile cha mfereji. Ikiwa juu au chini, chembe zitatoka kwenye fokasi na utadhani zimepotea. Anza umbali wa milimita 10, piga filamu ya sekunde 20, sogeza milimita 1, rudia. Ukifika karibu kasi itaruka ghafla, basi punguza hatua ziwe robo milimita. Kisha hamisha sumaku upande wa pili wa mfereji na urudie yote. Kasi ya kwenda na ya kurudi zikitofautiana, nusu ya tofauti hiyo ni mkondo wa maji.

Wengine huuliza kuhusu koili. Jozi ya koili za Helmholtz, yaani koili mbili zinazofanana zinazotazamana, kila moja ikiwa na mizunguko 100 na nusu kipenyo cha sentimita 5, kwa ampea 1 hutoa militesla 1.8 tu katikati, na uga huo ni sare, kwa hiyo hauburuti kitu. Ukigeuza mkondo wa umeme katika koili moja unapata mteremko, lakini ni dhaifu, na waya ukipata moto huupasha mfereji joto. Maji ya nyuzi 25 yana mnato wa milipaskali-sekunde 0.89 na ya nyuzi 30 yana 0.80, kwa hiyo joto peke yake linaweza kuongeza kasi kwa zaidi ya asilimia 10. Koili zina faida moja kubwa, nayo ni kuwashwa na kuzimwa kwa programu, na hapo ndipo ningezitumia: kuizungusha minyororo ya chembe ili kukoroga kimiminika, si kuisafirisha.

Sumaku za neodimiamu ziwekwe mbali na watoto na mtu yeyote mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo. Mbili zikigongana huumiza vidole na kuvunjika.

Hatua ya saba: kufuatilia kwa programu

ImageJ, programu ya bure iliyotungwa na Wayne Rasband wa taasisi za afya za Marekani mwaka 1997, pamoja na toleo lake la Fiji lenye kifaa cha TrackMate, inatosha kwa kazi yote. Ondoa kwanza taswira ya usuli kwa kutoa wastani wa fremu zote, ili vumbi na mikwaruzo ipotee. Ipe programu upana wa chembe, nayo itatafuta kitovu cha kila duara kwa usahihi ulio chini ya pikseli moja.

Kisha huja kuunganisha, yaani kuamua kwamba chembe ya fremu hii ndiyo ileile ya fremu iliyopita. Weka umbali wa juu kabisa wa kuunganisha uwe mkubwa kidogo kuliko hatua ya fremu moja, na usizidi nusu ya umbali wa jirani aliye karibu. Chembe zikienda kasi, chagua njia inayokisia mahali pa fremu ijayo kutokana na kasi ya fremu zilizopita. Hesabu hiyo aliichapisha Rudolf Kalman mwaka 1960, ikaongoza vyombo vya Apollo, na wenyeji wa Ngomeni, ambako satelaiti ya Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, hawatashangaa kusikia kwamba kinachokwenda mbio hufuatiliwa kwa kutazama kitakapokuwa.

Pitia kwa macho angalau njia 20. Ondoa chembe zilizoungana mbili au tatu, kwa kuwa mnyororo huvutwa kwa namna nyingine na hupandisha wastani.

Hatua ya nane: kutoka kasi hadi nguvu

Katika udogo huu chembe haina msukumo wa kuendelea. Ikiachwa husimama papo hapo. Nguvu ya sumaku kwa hiyo ni sawa na ukinzani wa maji, ambao ni 6 mara pai, mara mnato, mara nusu kipenyo, mara kasi. Chembe ya maikromita 2.8 inayokwenda maikromita 100 kwa sekunde katika maji ya nyuzi 30 inavutwa kwa pikonyutoni 2.1. Ikiwa inakaribia kugusa sakafu, ukinzani hufika mara 3, na nguvu halisi ni kubwa kiasi hicho. Uwiano kati ya 0.20 na thamani ya mtawanyiko uliyoipima katika hatua ya tano ndio wa kusahihishia.

Hatua ya tisa: kutia shabaha

Anza na streptavidini, ambayo ni protini, na biotini, ambayo ni vitamini, jozi inayoshikana kwa nguvu kuliko karibu jozi zote za kibiolojia, kabla ya kugusa kingamwili za gharama. Usitarajie protini moja moja ibadilishe kasi, maana ina nanomita chache tu juu ya chembe yenye nanomita 2,800. Kinachoonekana ni seli iliyobebwa, ambayo huipunguza kasi waziwazi, au chembe mbili zilizofungwa pamoja na shabaha yenye sehemu mbili za kushikika. Jozi hizo huhesabiwa baada ya sumaku kuondolewa na mfereji kusukwasukwa kwa upole: zile zilizoungana kwa sumaku tu hutawanyika, zilizofungwa na shabaha hubaki. Lazima pawe na mfereji wa pili usiotiwa shabaha, unaopimwa siku ileile.

Kwa Pwani, magonjwa mawili yanastahili juhudi hii kuliko mengine. Vimelea vya malaria huacha ndani ya seli nyekundu fuwele nyeusi zenye chuma, ambazo huvutwa kidogo na sumaku hata bila chembe yoyote kuongezwa. Na huko Brazili, watafiti wa kichocho cha matumbo wametumia chembe za sumaku kuyatenga mayai ya mnyoo na kinyesi. Kichocho chetu cha mkojo kina mayai ya jamaa yake. Lakini sampuli ya mtu yeyote isiguswe bila idhini yake, kibali cha maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayosimamia utafiti, na ifanyiwe kazi katika maabara yenye uwezo wa kuiharibu salama.

Andika kwa kila filamu joto la maji, toleo la chembe, umbali wa sumaku, kasi ya fremu uliyoihesabu mwenyewe na thamani ya mtawanyiko ya siku hiyo. Kazi ikiisha, futa sumaku kwa kitambaa kikavu na uikague ganda lake la nikeli. Likichubuka, hewa ya chumvi huila neodimiamu ndani ya wiki chache na kuacha unga, kwa hiyo ipake rangi ya kucha mahali palipochubuka na uifungie kwenye kopo pamoja na punje chache za kunyonya unyevu.